Nimero 521: namna nimero moja inaweza kufuta daftari nzima

Huku mashariki ya Congo, tukisema "tuonane saa mbili asubuhi", kila mtu anaelewa. Karani akiandika saa ileile kwenye barua ya Kifaransa, ataandika 8h. Na ndugu yetu wa Kinshasa, akiangalia saa yake dakika ileile, ataona 7. Nimero tatu, wakati mmoja. Hakuna mwenye kudanganya. Kila mmoja anasoma kwa hesabu ya kwao, na sisi tumezoea kubadilisha kichwani bila hata kufikiri.

Ordinateri haijui kubadilisha namna hiyo. Ukiipa nimero, inaifuata vile inavyoijua yenyewe, hata kama aliyeituma alikuwa na maana nyingine. Na ndani ya ordinateri na telefone zetu, nimero za namna hiyo ziko maelfu. Leo tuangalie zinatoka wapi, kwa nini hazifanani kutoka mashini moja mpaka nyingine, na namna gani zinaweza kumpotezea mtu kazi yake ama pesa za kikundi.

Mlango kati ya programu na sistemi

Programu haigusi diski wala rezo yenyewe. Inaomba. Anayeombwa ni sistemi inayoendesha mashini: Windows, Linux, macOS ya ordinateri za Mac, FreeBSD, ama Android ya telefone, ambayo chini yake kuko Linux. Programu inabisha mlango na kusema: "Nifungulie faili hii, nataka kuandika, niongeze mwisho, na kama faili haiko, itengeneze."

Lakini maneno hayo hayapiti mlangoni kama maneno. Yanapita kama nimero. Waliotengeneza sistemi walichagua tangu mwanzo kwamba "kuandika" ni nimero fulani, "kuongeza mwisho" ni nyingine, "kutengeneza" ni nyingine tena. Watu wa enformatiki wanaziita konstanti, maana hazibadiliki.

Kila konstanti iko na jina pia. "Kuandika" inaitwa O_WRONLY, "kuongeza mwisho" ni O_APPEND, "kutengeneza kama haiko" ni O_CREAT. Anayeandika programu anatumia jina. Halafu programu inapogeuzwa kuwa lugha ya mashini, kazi ile tunaita kukompile, jina linaondoka na nimero njo inabaki ndani. Shida yote iko pale: majina yanafanana karibu kila mahali, lakini nimero zinatofautiana.

Daftari ya akiba na nimero 521

Tuchukue mfano. Tuseme kuko AVEC moja, chama cha kuweka akiba na kukopeshana, kama zile tuko nazo katika mitaa na vijiji vyetu. Wameacha daftari ya karatasi, sasa wanatumia programu ndogo. Kila mwanachama akileta pesa, programu inafungua faili ya daftari, inaongeza mstari mmoja mwisho, inafunga. Basi.

Aliyeandika programu alikuwa anatumia Mac. Na badala ya kuandika majina, aliandika nimero zenyewe, juu lugha aliyotumia haikumpa majina yale tayari. Kwenye Mac, kuandika ni 1, kuongeza mwisho ni 8, kutengeneza faili kama haiko ni 512. Ukijumlisha unapata 521. Alijaribu, ikafanya kazi vizuri, mstari juu ya mstari.

Sasa programu inahamishwa kwenye ordinateri ya Linux. Linux inapokea 521 na kuisoma kwa hesabu yake. Ile 1 ni kuandika, sawa. Ile 8 haina kazi kwa Linux, na Linux inaiacha ipite bila kusema neno. Na 512? Kwa Linux ya ordinateri za kawaida, 512 njo O_TRUNC, maana yake: "Futa kwanza kila kitu kilicho ndani ya faili."

Programu iliomba kuongeza. Sistemi inafuta. Mstari mpya unaandikwa, faili inafungwa, na hakuna kosa lolote linaloonekana. Mwanachama wa pili analeta pesa, faili inafutwa tena, jina lake linaandikwa. Jioni, daftari ya watu wote iko na mstari mmoja tu: wa mwisho kulipa.

Mtu atasema: basi tuandike kwenye Linux halafu tupeleke kwenye Mac. Haisaidii. Kwenye Linux, kuandika ni 1, kuongeza mwisho ni 1024, kutengeneza ni 64. Jumla ni 1089. Ukiipeleka 1089 kwenye Mac, ile 1024 njo "futa kila kitu" ya Mac. Ile 64 ni habari nyingine kabisa, haihusu kutengeneza faili. Tena daftari inafutwa. Kwenda na kurudi, njia zote mbili zinapita kwenye shimo lilelile.

Hakuna aliyetega mtego huu kwa makusudi. Ni watu wawili waliogawa nimero, kila mmoja kwake, bila kuulizana.

Walitengana wapi?

Hadithi inaanza Marekani, kwenye maabara ya Bell Labs, mwaka wa 1969. Pale njo sistemi inayoitwa Unix ilizaliwa. Waliotengeneza Unix waliyapa makosa nimero: 2 ni "faili haiko", 13 ni "ruhusa imekataliwa", 28 ni "diski imejaa". Orodha ya zamani inafika 34. Na mpaka leo, kutoka 1 mpaka 34, Linux, Mac na FreeBSD wanakubaliana karibu kwa yote. Inayowatenganisha hapo ni 11 peke yake.

Baadaye familia iligawanyika. Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilitoa Unix yake, inayoitwa BSD, na mwaka wa 1983 kikaongeza mambo ya rezo. Kampuni ya AT&T, yenye Bell Labs, nayo ilitoa yake, System V. Kila upande ulikuwa na makosa mapya ya kupa nimero, na kila upande ukaendelea na 35 kwa njia yake. Kwa Berkeley, 35 ni "ningekusubirisha, rudia baadaye". Kwa System V, 35 ni "hakuna ujumbe wa aina hiyo". Linux ilipokuja mwaka wa 1991, ikaweka kwenye 35 jambo la tatu: programu mbili zinazongojeana bila mwisho.

Mac ya leo ilichukua mengi kwa Berkeley. Windows nayo, ilipoingia kwenye mambo ya rezo katika miaka ya 1990, ilichukua nimero za makosa ya rezo za Berkeley na kuongeza 10000 juu ya kila moja ili zisigongane na zake za zamani.

Hata Linux yenyewe haiko na hesabu moja. Katika miaka ya 1990 ilihamishwa kwenye mashini za Alpha za kampuni Digital. Mashini zile zilikuwa tayari na sistemi yake, na watu walitaka programu zilizokuwako ziendelee kutembea. Basi Linux ya Alpha ikakubali nimero za pale. Ndiyo maana kosa linaloitwa EAGAIN ni 11 kwenye Linux ya ordinateri za kawaida, lakini ni 35 kwenye Linux ya Alpha.

Kosa moja, nimero tatu

Mambo haya si ya wataalamu peke yao. Mtu yeyote anayetumia intaneti ya huku kwetu, ile inayokuja na kuondoka, amekutana nayo. Programu inajaribu kuingia kwenye serveri, serveri inakataa. Kwenye Linux utaona nimero 111. Kwenye Mac utaona 61. Kwenye Windows utaona 10061. Ni kosa lilelile: konekisio imekataliwa. Na serveri isipojibu mpaka muda unaisha, Linux inasema 110, Mac inasema 60, Windows inasema 10060.

Sasa fikiria mtu anapiga simu kwa rafiki anayejua enformatiki na kumwambia: "Naona kosa 61, nifanye nini?" Kama rafiki anafikiri ni Linux, atatafuta maana ya 61 kwa Linux, na pale 61 ni "hakuna data". Watapoteza mega na siku nzima kutafuta ugonjwa ambao hauko. Ukiomba msaada, taja sistemi yako na usome maneno ya kosa, si nimero peke yake.

Anayesimamia serveri ana mfano mwingine. Amri ya kill -9 inaua programu kwenye Unix zote, maana 9 imekubaliwa kote. Lakini kill -10 ni jambo lingine. Kwenye Linux ya kawaida, 10 ni SIGUSR1, ishara ambayo serveri nyingi zinaitumia kwa kazi za kila siku, kama kufungua upya faili za kumbukumbu. Kwenye FreeBSD na Mac, 10 ni SIGBUS, ishara ya hitilafu kubwa ya memori, na programu isiyojitayarisha nayo inakufa palepale. Mtu anayeandika kill -USR1 yuko salama pande zote. Anayeandika kill -10 anacheza bahati nasibu.

Makubaliano yaliyokuja nusu

Mwaka wa 1988 shirika la IEEE lilitoa makubaliano yanayoitwa POSIX, jina lililopendekezwa na Richard Stallman. Kusudi lilikuwa programu iliyoandikwa kwenye Unix moja iweze kukompiliwa kwenye nyingine. Lakini sistemi zilikuwa zinatembea tayari na nimero zao. Kumwambia mmoja abadilishe ni kumwambia avunje programu zote za wateja wake, maana nimero za zamani ziko ndani ya programu zilizokwisha kukompiliwa. Basi POSIX, kwa sehemu kubwa, ilikubaliana juu ya majina na kuacha nimero kwa kila mmoja.

Kuko nimero chache zilizofungwa. Ruhusa za faili ni mojawapo. Mtu akiandika chmod 755 Bukavu, Lubumbashi ama Brussels, kwenye Mac ama kwenye Linux, maana ni ileile. Ishara 9 ya kuua na 15 ya kuomba programu ijifunge nazo zimefungwa.

Angalia pia namna anwani za intaneti zilivyopewa nimero. Kwa anwani za zamani, IPv4, nimero ya familia ni 2 kwa Linux, Mac, FreeBSD na Windows. Sababu ni nyepesi: wote walinakili Berkeley. Anwani mpya, IPv6, zilikuja katika miaka ya 1990, wakati kila mmoja alikuwa amekwisha kujaza orodha yake. Jina AF_INET6 walikubaliana. Nimero, hapana. Kwa Linux ni 10, kwa Windows 23, kwa OpenBSD 24, kwa FreeBSD 28, kwa Mac 30. Kitu kimoja, kilichotengenezwa wakati watu walikuwa wanawasiliana kila siku, na bado kimepata nimero tano. Mtu akiandika 10 kwenye programu yake na kuipeleka kwenye Mac, anaomba familia nyingine ya anwani isiyohusiana na intaneti yetu, na anajibiwa kwamba hakuna.

Nimero ikisafiri kwenye waya

Maadamu nimero inabaki ndani ya mashini moja, hatari ni ndogo. Inakua nimero inapotoka nje. NFS ni njia ya kushirikiana faili kwenye rezo, na toleo lake la pili liliandikwa rasmi mwaka wa 1989. Pale, nimero za makosa zilifungwa ndani ya makubaliano yenyewe, na nyingi zilitoka kwa Berkeley: 69 ni "umepita kipimo chako cha diski", 70 ni "faili uliyoshika imepitwa".

Kwenye Linux, makosa hayo mawili ni 122 na 116. Kwa hiyo Linux inapopokea 69 kutoka kwenye serveri ya NFS, inabadilisha kuwa 122 kabla ya kuipa programu. Ingeiacha ipite, 69 ya Linux ingemaanisha kosa lingine ambalo halihusu kipimo cha diski. Waliotengeneza NFS walifanya vizuri: waliweka meza moja kwa wote, na kila sistemi inatafsiri inapoingia na inapotoka. Anayetuma nimero ya mashini yake moja kwa moja kwenye rezo, ama anayeihifadhi kwenye faili itakayosomwa mahali pengine, amemwachia msomaji kazi ya kubahatisha.

Ukiwa wewe njo unagawa nimero

Siku moja kijana wa kwetu atatengeneza sistemi, ama maktaba ya programu ambayo wengine watajenga juu yake. Atagawa nimero. Kazi hiyo inafanyika mara moja, maana nimero ikitoka haiwezi kurudishwa. Waliotangulia wametuachia mafunzo.

La kwanza: angalia majirani kabla ya kuchagua. Kama wote wanatumia nimero moja, ichukue hiyo. Kama hawakubaliani, chagua ile inayotumiwa na programu nyingi zitakazokuja kwako, ama chukua nimero ambayo hakuna aliyeipa maana nyingine. Nimero isiyojulikana ikifika mahali si pake, inakataliwa kwa sauti. Nimero yenye maana nyingine inatii kimya, na daftari inafutwa.

La pili: kataa usichokijua. Ile 8 iliyopita Linux bila neno lolote ilikuwa dalili ya kwanza, na ilimezwa. Linux ya zamani inaacha alama isizozijua zipite wakati wa kufungua faili, na sasa haiwezi kubadilisha bila kuvunja programu za watu. Mwaka wa 2020 ilipata mlango mpya, openat2, unaorudisha kosa ukipewa alama usiyoijua.

La tatu: pangeni orodha moja mapema. Kwa miaka mingi Linux ilikuwa inapanga nimero za maombi kwa kila aina ya prosesa peke yake. Ombi la kusoma faili ni 3 kwenye prosesa za Intel za biti 32, ni 0 kwenye za biti 64, ni 63 kwenye ARM ya biti 64 iliyo ndani ya telefone nyingi. Tangu mwaka wa 2019, kuanzia nimero 424, maombi mapya yanapewa nimero moja karibu kwa prosesa zote. Yale ya zamani hayakuguswa, juu hayaguswi. Lakini kuanzia hapo fujo haikuongezeka.

La nne: usirudishe kazini nimero iliyostaafu. Programu ya zamani inayoikumbuka bado iko mahali fulani, kwenye mashini ambayo hakuna aliyeigusa miaka kumi.

Kuko waliojaribu kuacha nimero kabisa. Plan 9, sistemi nyingine ya Bell Labs, inarudisha kosa kama maneno. Hapo hakuna 61 wala 111. Lakini maneno nayo yanaweza kutofautiana, na programu inayoyasoma inapaswa kulinganisha herufi kwa herufi.

Kwa anayeandika programu leo

Tumia jina, acha nimero. Katika Python, andika os.O_CREAT na os.O_APPEND, usiandike 64 wala 1024. Kwa makosa, kuko moduli inayoitwa errno, na ndani yake orodha errorcode inayokuambia jina la nimero kwenye mashini uliyoko. Anayeandika programu za Android anapata majina hayo kwenye OsConstants tangu Android 5.0 ya mwaka wa 2014. Waliotengeneza OsConstants walifanya kwa makusudi nimero zijazwe wakati programu inatembea kwenye telefone, ili nimero ya mashini ya kukompilia isibaki imefungwa ndani yake.

Kama lugha yako haikupi majina, tengeneza meza ya kila sistemi, na programu iulize kwanza iko wapi. Isipojua iko wapi, isimame. Kusimama ni aibu ya dakika moja. Kubahatisha ni hasara ya mwaka. Ukihifadhi kosa kwenye faili ama ukilituma kwenye rezo, hifadhi jina, "ECONNREFUSED", usihifadhi 111.

Na ninyi wasimamizi wa vikundi, vituo vya afya na mashule ambao hamwandiki programu lakini mnaitegemea: siku mnabadilisha ordinateri, msianze na daftari halisi. Nakilini faili, ingizeni mistari mitatu ya majaribio, halafu fungueni muhesabu kama mistari ya zamani iko na ile mitatu iko. Mkiona mstari mmoja tu, simamisheni kila kitu na mwite aliyeandika programu. Mwulizeni swali moja: aliandika majina, ama aliandika nimero?